Kuchagua mbegu ya maharage kwa kompyuta: faida yake kwa mkulima wa Kasulu na Kibondo

Mkulima wa Kasulu au Kibondo akivuna maharage, mengine huyala, mengine huyauza na mengine huyaweka kuwa mbegu ya msimu ujao. Virusi vya batobato ya maharage hupitia hapo. Husafiri ndani ya mbegu, kisha wadudu mafuta huvieneza shambani. Majani hujikunja na kuwa na mabaka, mavuno hupungua. Dawa ya kuvitibu haipo. Kinga ni mbegu yenye kuhimili.

Kwa nini kinga moja haitoshi?

Jeni iitwayo I huzuia virusi vya kawaida vya batobato. Lakini Afrika Mashariki kuna virusi vingine, ndugu wa hivyo, vilivyo vikali zaidi. Vikiushambulia mmea wenye I peke yake, mishipa yake huwa myeusi na mmea hufa. Huo ndio ugonjwa wa mzizi mweusi. Jeni ya pili, bc-3, huziba pengo hilo, ila mmea lazima uirithi kwa wazazi wote wawili. Watafiti hutaka zote mbili katika mbegu moja, ili virusi vikiishinda kinga moja, nyingine ibaki.

Tatizo ni kwamba mmea wenye bc-3 hauonyeshi dalili, uwe na I au usiwe nayo. Kwa macho huwezi kujua.

Kompyuta inaingia wapi?

Mwaka 2014 wanasayansi walichapisha ramani ya vinasaba vya maharage, yenye kromosomu 11 na jeni zaidi ya 27,000. Ramani hiyo inapatikana kwenye intaneti katika hifadhi kama Phytozome na Legume Information System. Mtafiti aliyeko Morogoro au Mbeya anaweza kuifungua bila malipo. Kwa programu ya BLAST hulinganisha kipande cha vinasaba na ramani nzima, akajua kipo kromosomu ipi: I iko ya 2, bc-3 iko ya 6. Kisha huandaa alama ya kupimia. Jani dogo la mche hupelekwa maabara, na mche usio na jeni zote mbili huachwa mapema, badala ya kusubiri misimu kadhaa.

Je, ni mbegu za GMO?

Hapana. Wazazi huchavushwa kwa njia ya kawaida. Alama husaidia kuchagua watoto tu.

Kompyuta haijui ladha, rangi inayopendwa sokoni, wala muda wa kuiva jikoni. Hivyo mbegu bado hujaribiwa mashambani, na TOSCI huthibitisha ubora wake.

Wewe ufanye nini?

Unaponunua mbegu, uliza kama inahimili batobato na pia mzizi mweusi. Shambani, ng'oa mapema mimea yenye dalili, na usiweke mbegu kutoka kwenye mimea hiyo.