Michoro ya Mji Huu Inataka Pa Kukaa

Nimeisoma taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wabunifu majengo kwa shukrani, kwa sababu walioiandaa wamefanya kazi kubwa bila malipo. Katika mipango ya mwaka ujao naomba jambo moja litangulie mengine yote: tukusanye michoro ya majengo ya Dar es Salaam kabla haijaliwa na mchwa. Ili nieleweke, inabidi nianzie mbali, enzi ambazo elimu ya ujenzi ya pwani hii ilikaa mikononi mwa mafundi.

Boma la Kale, linalotazama bandari, lilijengwa mwaka 1866 na 1867, wakati Sultani Majid bin Said anauanzisha mji huu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Katika majengo ya namna hiyo boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwani mti haukwenda mbali zaidi ya hapo bila kupinda kwa uzito. Ndiyo maana vyumba vya zamani vya pwani ni vyembamba na virefu. Aliyetaka kujua nyumba imejengwaje alimwuliza fundi, na fundi akifariki, mwanafunzi wake alikuwepo.

Majid alifariki 1870 na kazi za mji zikalala. Wajerumani walipohamishia makao yao hapa mwaka 1891 kutoka Bagamoyo, walikuja na ofisi za wachoraji. Hospitali ya Ocean Road, ya mwaka 1897, ina mabaraza mapana yanayozuia jua lisiguse ukuta wa chumba, na uashi wake ulifanywa kwa nguvu za watu wa hapa. Lakini elimu ilikuwa imehama, imeingia kwenye karatasi, na karatasi zikawa za watu wengine. Waingereza nao waliendelea hivyo hivyo. Kwa miongo mingi mwenyeji alishika mwiko wa kujengea. Penseli ilishikwa na mgeni.

Ndiyo sababu nawaheshimu sana wale wawili ambao wanafunzi wangu huchoka kusikia nikiwataja. Anthony Almeida alizaliwa papa hapa Dar es Salaam mwaka 1921 katika jamii ya Wagoa, akasomea Bombay, akarudi kufanya kazi nyumbani. Kanisa la pamoja la Wakristo pale Chuo Kikuu, Mlimani, ni kazi yake. Na Beda Amuli, aliyesomea Haifa, ni miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa wabunifu majengo. Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, ni lake.

Hapo Kariakoo niruhusuni nikae kidogo. Nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo cha Ardhi, mwalimu alitupeleka sokoni na daftari, akatukataza rula. Tulikaa karibu na akina mama wauza nyanya, tukachora paa. Amuli aliwatazama wauzaji wetu, waliozoea kufanya biashara chini ya mti, akainua safu za miavuli mikubwa ya zege, kila mmoja juu ya nguzo yake. Mvua ikinyesha, maji hukusanywa na mwavuli, hushuka ndani ya nguzo, huingia kwenye matangi chini ya ardhi. Upepo hupita kati ya miavuli na hewa ya moto hutoka juu. Chini kuna ghorofa ya chini ya ardhi kwa mizigo na biashara ya jumla. Jengo lile lilifikiriwa kuanzia tone la mvua hadi mkokoteni wa kuli, na lilifikiriwa na mtu wetu. Siku ile ndipo nilipojua kazi niliyoichagua ni kazi gani.

Moto ulilikumba soko usiku wa Julai 10, 2021. Baadaye jengo likaingizwa kwenye ukarabati, na wengi wetu tulifurahi kwamba halikubomolewa. Fikirini sasa kazi anayokabidhiwa mhandisi katika hali kama ile. Gamba la zege lililopigwa na moto lina nondo ndani yake. Ni za unene gani? Zimepangwa kwa nafasi gani? Zimefungwaje pale mwavuli unapokutana na nguzo? Mwenye mchoro huukunjua mezani. Asiye nao hutoboa, hupima kwa mitambo, kisha hukisia, na kukisia ni ghali.

Tena kuna vifo. Machi 29, 2013, ghorofa 16 zilizokuwa zikijengwa Mtaa wa Indira Gandhi zilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo liliporomoka Kariakoo na zaidi ya watu 20 wakafariki, wengi wao wafanyabiashara waliokuwa kazini. Baada ya msiba wa namna hii uchunguzi hauna budi kuanza na ramani: kipi kiliidhinishwa, na kipi kimeongezwa juu au kuchimbwa chini. Sheria ya 1997 ilitupatia bodi inayolinda nani aitwe mbunifu majengo. Michoro yenyewe haina mlinzi wa aina hiyo. Nakala moja hubaki halmashauri pamoja na faili la kibali, nyingine kwa mwenye jengo, ya asili kwa mbunifu, na mbunifu huzeeka.

Mwaka huu mwenzetu mmoja alifariki na familia ikalazimika kurudisha ofisi kwa mwenye nyumba. Niliwakuta vijana wakibeba mirija ya michoro kuipeleka dampo. Nyumba za watumishi, shule, zahanati, kila kitu kimechorwa kwa wino na mkono uliotulia. Tuliokoa iliyoenea kwenye pikapu. Sasa iko sebuleni kwangu, na sebule yangu si mahali pake.

Pa kuipeleka hapajengwi upya. Ndani ya Boma la Kale chama chetu tayari kina mkono katika kituo cha urithi wa usanifu majengo wa Dar es Salaam. Kituo kinaonyesha historia ya mji. Naomba kianze pia kuitunza. Tunahitaji chumba kikavu, makabati yenye droo pana ili karatasi ilale bila kukunjwa, skana kubwa, na mtu mmoja wa kulipwa anayejua kazi ya nyaraka. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wanaweza kuorodhesha wakati wa mafunzo kwa vitendo, na watajifunza zaidi kwa kushika mchoro wa Almeida kuliko kwa mihadhara yangu. Sambamba na hilo, tuwarekodi mafundi wazee wa chokaa, hatua kwa hatua, kuanzia kuchoma matumbawe, kwa sababu elimu yao bado haijaingia kwenye karatasi yoyote.

Fedha zitapatikana tukikubali kupunguza chakula cha jioni cha mkutano mkuu na kumwomba kila mwanachama nyongeza ndogo ya ada. Kigumu zaidi ni ridhaa ya familia, na hilo linataka watu wazima waende kubisha hodi kwa heshima, wakae, wanywe chai, waeleze. Mimi niko tayari kwenda. Kuna ofisi mbili katikati ya mji ambazo wenyewe wameniambia watafunga kabla ya masika. Tuanze na hizo.