Aleji ya pua: dawa ya kupuliza na maji ya chumvi

Dereva anayesubiri kuvuka Malaba au Tunduma analijua vumbi la foleni: chafya mfululizo, kamasi za maji, pua imeziba. Wengi hukimbilia vidonge vya klofeniramini kwa kuwa ni rahisi. Vinasaidia, lakini huleta usingizi, tena kwenye usukani.

Dawa ya steroidi ya kupuliza puani, mfano flutikasoni, hailetei usingizi. Bei ya chupa hutisha, ila piga hesabu: yenye mipulizo 120, ukipuliza mara mbili kila tundu kwa siku, ni siku 30. Dalili zikitulia, mara moja kila tundu hutosha, na chupa inafika siku 60. Uliza zile zisizo na jina la kampuni iliyoivumbua. Kwa kawaida ni nafuu. Nguvu yake kamili huja baada ya siku kadhaa, hivyo usiitupe mapema. Elekeza ncha upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati ya pua.

Nafuu zaidi ni kusuuza pua kwanza: kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Usitumie ya bomba hivi hivi. Mwaka 2011 watu wawili huko Louisiana, Marekani, walikufa kwa amiba baada ya kusuuza pua kwa maji ya bomba.

Kwa wafanyabiashara: dawa iliyosajiliwa nchi moja haiuziki ng'ambo ya mpaka mpaka mamlaka ya dawa ya huko iikubali. Ulizeni kabla ya kupakia.