Sehemu ya 5: Shilingi tatu kwa dakika

Mama, kabla hujabadilisha laini kwa sababu ya ile bei ya kukaribisha wateja wapya, keti kidogo nikukumbushe tulikotoka.

Laini ya kulipia kabla ilituokoa sisi watu wa kawaida. Ureno walianza kuuza ya kwao mwaka 1995, ikiitwa Mimo, na haikudai mkataba. Hapa Kenya ilishika kasi kuanzia 2000, Safaricom na Kencell walipoanza kushindana. Kencell walihesabu kwa dakika, Safaricom kwa sekunde. Ukiongea sekunde kumi upande mmoja unalipa dakika nzima, upande wa pili unalipa kumi zako tu. Mama mboga asiye na payslip akakwaruza kadi yake, akapiga simu. Na wengi wetu tulikuwa tunaflash tu, tusidanganyane!

Halafu ikaja Agosti 2010. Tume ya mawasiliano, wakati huo CCK, ilishusha ada ambayo kampuni hulipana simu ikivuka mtandao, kutoka Sh4.42 hadi Sh2.21 kwa dakika. Zain wakashuka mpaka Sh3 kwa dakika, mitandao yote. Safaricom nao wakafuata. Watu walinunua laini ya pili, wengine ya tatu, na simu za laini mbili zikawa kila mahali. Tulidhani bei ndiyo hiyo milele.

Haikukaa. Ada ilikuwa ishuke tena Julai 2011, serikali ikasimamisha. Mwaka huo shilingi ilianguka vibaya na kila kitu kikapanda. Kufikia Oktoba, Safaricom walikuwa wamerudi Sh4. Zain walishageuka Airtel. Yu, walioingia 2008 na bei za chini, walifunga 2014. Wateja wakaenda Airtel, mitambo ikaenda Safaricom. Wale wa yu walijikuta na kampuni nyingine bila hata kuhama.

Mimi sisemi usichukue ofa. Chukua! Lakini uliza inaisha lini, na baada ya hapo utalipa ngapi. Sh20 za saa 24 zinaonekana si kitu, ila ukinunua kila siku ni Sh600 kwa mwezi. Linganisha na bando ya mwezi kabla hujacheka na ile ndogo.

Kingine ni muda wa kuisha, na hapa ndipo kazi yangu inaponifanya niwe mkali. Mama mmoja alifika kwetu alfajiri, amejifungulia njiani. Uchungu ulimshika saa saba usiku. Alikuwa amenunua dakika mchana, zikaisha saa sita usiku bila kutumika. Krediti ya kawaida hana. Mtoto alikuwa baridi sana, tukamweka kifuani kwa mama yake, akapona. Mama aliniambia, "Sister, nilijua niko na dakika hamsini." Nilikosa la kumjibu.

Bando zisizoisha muda zilianza kuuzwa na Safaricom Oktoba 2019, mwaka ambao wakili mmoja alikuwa ameshtaki kuhusu data inayoisha kabla mtu hajaitumia. Kwa gharama ya kila dakika au MB, mara nyingi hizi huwa ghali kuliko za siku. Kwa mama wa miezi minane, mimi naona afadhali hiyo ghali.

Kwa hivyo ukifika wiki ya 36, weka krediti ya kawaida, hata Sh50, usiiguse. Angalia kama dakika zako zinapiga mitandao yote, maana dereva wa boda au teksi huenda yuko upande mwingine. Na ukiishiwa kabisa, 999 na 112 ni bure, hata bila krediti. Ziandike mahali baba watoto ataziona.

Sehemu ya 6 ni kesho jioni: begi la hospitali.