Vijidudu wa Udongo na Hofu Yetu



Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ndivyo watu wengi walivyowahukumu vijidudu tangu mwaka 1882, Dokta Robert Koch alipotangaza mjini Berlin kwamba kifua kikuu huletwa na kijidudu asiyeonekana kwa macho matupu. Koch huyo ndiye aliyefika Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza malaria. Maarifa yake yaliokoa roho nyingi, lakini yalifuatana na hofu: kila kilichooza kikadhaniwa kuwa sumu, hata aliyesoma habari hizo akachukia kushika samadi. Basi shamba lisilopata samadi huchoka, na penye njaa maradhi hayakawii kuingia.

Dawa ya hofu hiyo imo katika biwi la takataka. Bwana Albert Howard, Mwingereza, alianza kazi mjini Indore, Bara Hindi, mwaka 1924. Hakuona haya kujifunza kwa wakulima wa huko. Alipanga majani makavu, samadi ya ng'ombe, udongo ulioloa mkojo wao, na majivu, tabaka juu ya tabaka. Akatia maji, na baada ya majuma akalipindua biwi ili lipate hewa. Kwa muda wa miezi mitatu hivi takataka zikawa mboji nyeusi, nayo haikunuka uvundo. Mwaka 1931 akaandika kitabu cha kueleza kazi hiyo.

Wapishi wa mboji ni vijidudu wenyewe. Wakipata hewa na maji ya kadiri, hula takataka na kutoa joto, hata katikati ya biwi huweza kupita nyuzi 60, nalo joto la mwili wa mtu mwenye afya ni nyuzi 37 tu. Wengi wa vijidudu wa maradhi hawastahimili hari hiyo siku nyingi. Kwa hiyo biwi hupinduliwa, ili yaliyo nje nayo yapate kuingia ndani.

Tena sikilizeni. Mwaka 1943, katika chuo cha Rutgers, Marekani, Albert Schatz na mwalimu wake Selman Waksman walipata dawa ya streptomaisini kwa kijidudu wa udongo wa shamba lililotiwa samadi nyingi. Dawa hiyo iliponya wagonjwa wa kifua kikuu, maradhi yale yale ambayo Koch alimfichua mdudu wake.

Hata hivyo tahadhari tusiiache. Mdudu wa pepopunda hukaa udongoni na katika samadi, naye huingia kwa jeraha. Basi tuchanjwe, tuvae viatu, tuoshe majeraha, na tukitoka shambani tunawe kwa sabuni kabla ya kula. Mwenye kujua haogopi ovyo, wala hajipi ujasiri ovyo: hushika jembe kwa mikono miwili, kisha huinawa yote miwili.