Duma: Albamu ya Nairobi Iliyopata Uzito Wake Kampala

Muziki wa metali, yaani roki nzito inayojengwa juu ya magitaa ya umeme yaliyolegezwa nyuzi na sauti za kupayuka, ulikuwa umeshaota mizizi jijini Nairobi kabla ya mwaka 2019. Miongoni mwa bendi zilizoupigania ni Last Year's Tragedy, iliyopiga metalikoo, mtindo unaochanganya metali na panki kali, na ambao hupunguza kasi ghafla katikati ya wimbo ili magitaa na dramu viangushe mkito mmoja mzito. Bendi hizo zilipiga kwa ustadi na kwa moyo, lakini kanuni za uzito wenyewe, wapi pa kukimbia na wapi pa kutua, zilikuwa zimewekwa Marekani na Ulaya.

Martin Khanja, ajulikanaye kama Lord Spikeheart, na Sam Karugu, waliotokea katika bendi za Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, waliunda Duma mwaka 2019, na katikati ya mwaka huohuo wakarekodi albamu yao kwa miezi mitatu jijini Kampala katika studio ya Nyege Nyege, ambayo lebo yake ilikuwa imetoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli, muziki wa kasi kubwa wa Dar es Salaam, mwaka 2017. Karugu aliacha besi akashika gitaa na kazi ya prodyuza, ilhali Khanja alichukua sauti. Na kwa kuwa walikuwa wawili tu, midundo ilitungwa kwa mashine, isiyochoka mikono wala kuhitaji kuvuta pumzi.

Hapo ndipo uzito mpya ulipopatikana. Katika wimbo wa Lionsblood mapigo hufuatana kwa kasi kiasi kwamba sikio huacha kuyahesabu na kuanza kusikia ngurumo moja, huku sauti ya Khanja, iliyokwaruzwa makusudi, ikipenya katikati yake. Msikilizaji aliyekulia Nambilanje, wilayani Ruangwa, au katika vijiji vya Nachingwea, kusini mwa Tanzania, ambako ngoma za jando na unyago hupigwa kadhaa kwa pamoja na kila moja ina kazi yake, huenda asishangazwe na msongamano huo wa midundo. Kilicho kigeni zaidi kwake ni ule ukali wa koo.

Albamu hiyo, yenye nyimbo tisa na iliyopewa jina la bendi yenyewe, ilitoka Agosti 2020, wakati janga la UVIKO-19 lilipokuwa limefunga majukwaa mengi duniani. Anayedai kwamba muziki usio na mpiga dramu si metali tena anashikilia ala na kuusahau msukumo, kwani metali tangu mwanzo ilitafuta sauti kali kuliko ile iliyoitangulia, na Duma waliipata bila kuomba kanuni za mtu. Mwaka 2024 Khanja aliiendeleza njia hiyo peke yake kwa albamu ya The Adept, aliyoitoa kupitia Haekalu, lebo aliyoianzisha mwenyewe.