Nakivale: Mtoto ni mgeni wa lugha au ana tatizo la lugha?

Mtoto wa miaka 10 aliyekimbia Kivu anaketi darasa la pili pamoja na watoto wa miaka 7. Mwalimu anamwuliza swali kwa Kiingereza, naye ananyamaza. Anamwuliza tena kwa Kinyankore, mtoto anainamisha kichwa. Mwisho wa muhula, taarifa ya shule inasema kuwa ni mzito wa kuelewa.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kimya cha namna hiyo kinaweza kuwa na maana mbili. Huenda mtoto hajapata muda wa kutosha wa kujifunza lugha mpya. Huenda pia ana tatizo la ukuaji wa lugha, ambalo angekuwa nalo hata kama asingevuka mpaka. Wa kwanza anahitaji muda na mafunzo. Wa pili anahitaji tiba. Kuwachanganya ni kuwapotezea wote wawili miaka ya shule.

Lugha nyingi, darasa moja

Makazi ya Nakivale yamo katika wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, na mji mkubwa ulio karibu ni Mbarara. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo yana wakazi zaidi ya 150,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo.

Tangu 2007, mtaala wa Uganda unaelekeza kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo husika, na darasa la nne liwe la mpito kuelekea Kiingereza. Katika Isingiro lugha ya eneo ni Kinyankore. Mtoto anayezungumza Kiswahili au Kisomali nyumbani huikuta lugha hiyo nayo ikiwa ngeni kwake.

Tatizo la ukuaji wa lugha ni nini?

Ni hali ambayo mtoto hupata shida ya kudumu kuelewa au kutumia lugha, bila chanzo kinachojulikana kama vile uziwi au jeraha la ubongo. Jina linalotumika sasa kimataifa lilikubaliwa mwaka 2017 na jopo la wataalamu lililoongozwa na Dorothy Bishop wa Chuo Kikuu cha Oxford. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016 ulikadiria kuwa takriban watoto 7 kati ya 100 wanaoanza shule wana hali hiyo.

Hali hii haisababishwi na uvivu, malezi mabaya wala kuzungumza lugha nyingi. Mara nyingi huambatana na ugumu wa kusoma na kuandika.

Matatizo mengine ya lugha yana chanzo kinachojulikana. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walibaini kuwa baadhi ya watoto walionusurika malaria kali walibaki na upungufu wa usemi na lugha.

Kipimo huanzia nyumbani

Tatizo la kweli hujitokeza katika kila lugha ya mtoto, ikiwemo lugha ya mama. Kwa hiyo swali la kwanza si jinsi anavyozungumza Kiingereza, bali jinsi anavyozungumza na ndugu zake. Je, alichelewa kuanza kusema kuliko wao? Akiambiwa, "Leta ndoo, kisha umwite dada yako," hutimiza yote mawili? Anaweza kusimulia mambo ya jana kwa mpangilio? Majibu hayo anayo mzazi.

Tahadhari inahitajika hapa. Mtoto wa Congo akisema "kitabu yangu," hiyo si dalili ya ugonjwa. Ndivyo Kiswahili cha kwao kinavyosemwa. Anapaswa kulinganishwa na watoto wa jamii yake, si na kitabu cha sarufi.

Mkalimani naye ana wajibu wa pekee. Kwa kawaida kazi yake ni kunyoosha maneno ili yaeleweke. Mbele ya mtaalamu wa tiba ya lugha, hapaswi kunyoosha chochote. Sentensi iliyokatika aifikishe ikiwa imekatika, na neno lililokosewa alieleze, kwani makosa hayo ndiyo yanayochunguzwa.

Tiba hufanywaje?

Tiba haina sindano wala dawa. Mtaalamu hufanya mazoezi na mtoto kwa picha, michezo na hadithi. Mtoto akisema, "Mbwa kimbia," mtaalamu humrudishia sentensi kamili bila kumkemea: "Ndiyo, mbwa anakimbia." Maneno mapya hufundishwa machache machache na kurudiwa kwa siku nyingi.

Mwalimu husaidia kwa kutoa agizo moja kwa wakati, kumketisha mtoto mbele na kumpa nafasi ya kujibu kwa mdomo. Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, hutoa muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu shule inapowaombea.

Pa kuanzia

Hatua ya kwanza ni kupima masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri huweza kuonekana kama asiyeelewa. Mzazi aanzie kituo cha afya kilicho karibu na aombe rufaa ikihitajika. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara ndiyo pia hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara.

Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha bado ni wachache. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kutoa shahada ya fani hiyo mwaka 2008, ya kwanza Afrika Mashariki. Hivyo sehemu kubwa ya kazi hubaki kwa walimu na wazazi.

Wazazi wengi huambiwa waache kuzungumza lugha yao nyumbani ili mtoto ashike Kiingereza upesi. Ushauri huo hauna msingi. Mtoto mwenye tatizo la lugha anahitaji lugha anayoisikia kwa wingi na kwa ufasaha kila siku, na kwa familia nyingi za Nakivale lugha hiyo ni Kiswahili.