Mount Vernon: Jumba Lililonunuliwa na Wanawake Wasio na Kura

Ukilitazama kwa mbali jumba la Mount Vernon, utaapa kuwa ni la mawe. Si la mawe. Kuta zake ni mbao za msonobari zilizochongwa kingo zifanane na vitalu, zikapakwa rangi, na mchanga ukarushwa juu ya rangi ingali mbichi. Mwenye jumba, George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, hakuona haya kutumia ujanja huo. Nyumba aliipenda kuliko vyeo vyote alivyopata, na hata alipokuwa vitani akipigana na Waingereza aliendelea kutuma maagizo ya ujenzi kwa barua.

Jumba liko ukingoni mwa Mto Potomac, jimboni Virginia, maili 15 hivi kutoka mji mkuu unaoitwa kwa jina lake. Nyumba ya kwanza hapo ilijengwa na baba yake, Augustine, mnamo 1734. Kaka yake wa baba mmoja, Lawrence, ndiye aliyepaita Mount Vernon kwa heshima ya Admirali Edward Vernon wa Uingereza, aliyekuwa mkuu wake katika vita vya Cartagena mwaka 1741. George alianza kupakodi 1754, akaparithi 1761. Akaipandisha nyumba ghorofa, akaiongeza pande zote mbili, akajenga baraza refu linalotazama mto. Shamba nalo likakua hadi kufikia karibu ekari 8,000. Alifia hapo tarehe 14 Desemba 1799, akazikwa hapo hapo.

Historia ya Mount Vernon kama taasisi, hata hivyo, inaanza zaidi ya miaka 50 baadaye. Mwaka 1853 Louisa Bird Cunningham, mama wa South Carolina, alipita mtoni usiku kwa meli ya mvuke. Jumba aliloliona lilikuwa hoi: rangi imebanduka, nguzo za baraza zimeoza. Alimwandikia bintiye, Ann Pamela, akiuliza: ikiwa wanaume wa nchi hii wameshindwa kulitunza, kwa nini wanawake wasilichukue?

Ann Pamela Cunningham alikuwa na miaka 37, hajaolewa, na afya yake ilikuwa dhaifu tangu aanguke kwenye farasi ujanani. Desemba mwaka huo alichapisha gazetini, bila kutaja jina lake, wito kwa wanawake wa Kusini. Baadaye wito ukawaendea wanawake wa nchi nzima. Ndivyo kilivyozaliwa Chama cha Wanawake wa Mount Vernon, yeye akiwa Msimamizi Mkuu wa kwanza, na kila jimbo lililojiunga likiwa na makamu wake. Tukumbuke zama zenyewe: wanawake wa Marekani hawakuwa na kura, na haki hiyo haikuwafikia nchi nzima hadi 1920.

Mwenye mali, John Augustine Washington III, kitukuu wa ndugu yake George, hakuwa na uwezo wa kuiendesha. Alikuwa tayari kuiuza kwa serikali ya shirikisho au kwa jimbo la Virginia, na kote huko hakupata mnunuzi. Wanawake nao mwanzoni aliwakatalia. Hatimaye, Aprili 1858, alitia saini: dola 200,000 kwa jumba, kaburi na ekari 200. Theluthi moja hivi ya fedha hizo ililetwa na mtu mmoja, Edward Everett, aliyezunguka nchi akihutubia kuhusu Washington na kukabidhi mapato yake. (Ni Everett huyo huyo aliyezungumza saa mbili pale Gettysburg kabla ya Lincoln kusimama kwa dakika chache tu. Historia haikumtendea haki.) Chama kilikabidhiwa jumba tarehe 22 Februari 1860, siku ya kuzaliwa Washington. Ndani hamkuwa na kitu ila vichache: tufe la dunia, sanamu ya kichwa cha Washington iliyofinyangwa na mchongaji Mfaransa Houdon, na ufunguo wa gereza la Bastille la Paris aliotumiwa na jenerali Mfaransa Lafayette.

Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka, na Mount Vernon ikawa katikati ya majeshi mawili. Cunningham alikwama Kusini. Walinzi wa jumba wakawa katibu wake, Sarah Tracy, mwanamke wa New York, na Upton Herbert, mwanamume wa Virginia. Askari wa pande zote walikuja kuzuru, na Tracy aliwawekea sharti: silaha zibaki nje. Jumba halikuguswa.

Kuna tarehe 22 Februari nyingine ambayo chama hakikuikumbuka kwa muda mrefu. Siku hiyo mwaka 1797, Washington akitimiza miaka 65, mpishi mtumwa Hercules alitoroka kutoka Mount Vernon. Mwaka 1799 watumwa wa mashamba hayo walikuwa 317. Kati yao 123 walikuwa mali ya Washington mwenyewe, na wosia wake uliagiza waachwe huru mkewe, Martha, atakapofariki. Abigail Adams, aliyemtembelea Martha, aliandika kwamba mjane huyo hakujiona salama mikononi mwa watu ambao uhuru wao ulingoja kifo chake. Akawaachia Januari 1801. Watumwa 153 wa mirathi ya Custis, mume wake wa kwanza, wosia haukuwagusa, na kwa kuwa makundi hayo mawili yalikuwa yameoana, familia zilipasuka.

Cunningham mwenyewe alilelewa katika nyumba ya wamiliki wa watumwa. Chama chake kilianzishwa kumtukuza mtu mmoja, na nadhani ndiyo sababu macho yake yalichelewa kuwaona waliomtumikia. Hata hivyo mwaka 1929 kiliweka jiwe la kumbukumbu kwenye makaburi yao yasiyo na alama. Mwaka 1983 pakazinduliwa mnara mkubwa zaidi, uliobuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard. Mwaka 2014 wanaakiolojia walianza kuyatafuta makaburi hayo, moja baada ya jingine.

Ulinzi umevuka hata mto. Katika miaka ya 1950, kulipokuwa na mpango wa kujenga matangi ya mafuta ng'ambo, upande wa Maryland, makamu wa Ohio, Frances Payne Bolton, ambaye pia alikuwa mbunge, alinunua karibu ekari 500 ili kuuzuia. Kutokana na juhudi hizo ikazaliwa Hifadhi ya Piscataway mwaka 1961. Jumba lenyewe hadi leo ni mali ya chama kile kile, kinachoongozwa na wanawake, na gharama za uendeshaji hulipwa na viingilio, mauzo na wafadhili, si na serikali.